ULIZA FUNDI: Rimu ya nyuma ya pikipiki nyingine, ekseli haikai

Mwezi huu meseji karibu zote zimekuja na jambo moja. Mtu kanunua rimu ya nyuma iliyotolewa kwenye pikipiki nyingine, bei ilikuwa nzuri, kafika nayo gereji ndo anagundua ekseli haifiti, cheni haiko laini, breki haina pa kushika. Nimechagua tano nijibu kwa kirefu maana hii kitu ya tairi la nyuma sio ya kubahatisha, pale nyuma ndo panabeba abiria.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi bodaboda wa Kilosa, nina Mchina wa injini ya CG 125, rimu ya nyuma ilipinda nilipoingia kwenye korongo na gunia mbili za mahindi. Nikapata rimu nzima na habu yake (kile kitovu cha tairi) kwa jamaa alokuwa anauza pikipiki kwa spea, sasa shida ekseli yangu ni milimita 15 na beringi za hiyo habu zina tundu la 17, fundi wa kijiweni akakata kopo la soda akazungushia kwenye ekseli ikakaza vizuri tu, nimetembea wiki mbili sasa hivi nyuma inayumba kama inataka kulala na breki inalia. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Kwanza hiyo pikipiki usipakie mtu leo, kopo litoe. Kopo la soda ni alumini laini, linakaza siku ya kwanza kwasababu ni jipya, alafu kila shimo unaloruka ekseli inaligonga gonga mpaka linakuwa unga mweusi, ukifungua utauona. Nafasi ikirudi habu inakaa upande, ndo maana breki inalia, breki shuu zinagusa dramu upande mmoja tu.

Sasa soma namba iliyoandikwa ubavuni mwa hiyo beringi, kila kitu kinaanzia hapo. Kama ni 6003 una bahati, hiyo ni tundu 17, nje 35, unene 10. Ipo beringi inaitwa 6202, tundu lake ni 15, nje 35 ileile, unene 11. Yaani inaingia kwenye habu hiyohiyo na ekseli yako ya 15 inapita bila kopo wala nini, tofauti ni milimita moja tu ya unene kila upande, na hiyo unaitoa kwenye bushi za pembeni (vile vibomba vifupi vinavyojaza nafasi pande mbili za habu) kwa kuzipunguza milimita moja moja. Nunua zenye kifuniko cha raba pande zote mbili, mwishoni zimeandikwa 2RS, maana huko kwenu vumbi na tope haviachi kitu.

Lakini kama zimeandikwa 6203, hiyo nje ni 40, na beringi ya kawaida ya tundu 15 yenye nje 40 usihangaike kuitafuta madukani. Hapo mimi nakushauri ugeuze mawazo, badala ya kuileta habu kwenye ekseli yako, ilete ekseli ya 17 kwenye swingamu yako (ule mkono wa nyuma unaoshika tairi). Tafuta ekseli ya 17 yenye urefu unaotosha na nati yake, alafu tundu refu la kwenye swingamu ulipanue kwa tupa, nusu milimita nusu milimita huku unajaribisha, jumla milimita moja juu na moja chini, kulia na kushoto sawasawa. Tupa ya mkono, sio grenda! Grenda inakula haraka na ukizidisha hapo hakuna kurudi. Vile vikaza cheni navyo utavitoboa viwe 17. Na kuna faida hapo, nguvu ya chuma cha duara kuhimili kupinda inapanda kwa unene mara unene mara unene, kwahiyo ekseli ya 17 inahimili karibu mara moja na nusu ya ile ya 15, na ya 15 inahimili karibu mara mbili ya ya 12. Ndo maana mtu akiniambia anataka kushuka kutoka 15 kwenda 12 huwa nakataa hata akinililia, ila wa 12 anayetaka kupanda namsaidia kwa moyo mmoja, kama habu yake ina beringi 6201 namwekea 6002, nje zote ni 32 na tundu linatoka 12 linakuwa 15. Tofauti ni kwamba 6002 ni nyembamba milimita moja, huyu bushi zake za pembeni zinaongezwa, hazipunguzwi.

Na jambo la mwisho kwako, ambalo mafundi wengi wa kijiweni wanaliruka. Kati ya beringi mbili ndani ya habu kuna bomba, sisi tunaita spesa ya kati. Ukibadilisha tundu la beringi na spesa lazima ibadilike, kwasababu spesa ya ekseli ya 17 ukiivika kwenye ekseli ya 15 inadondoka chini haikai katikati, na spesa ya 15 haipiti kabisa kwenye 17. Spesa ndo inapokea nguvu ya nati. Ukikaza, nguvu inatoka kwenye nati inapita swingamu, inapita bushi, pete ya ndani ya beringi, spesa, pete ya ndani ya beringi ya pili, bushi, swingamu mpaka kichwa cha ekseli, mstari mmoja wa chuma kwa chuma. Sasa spesa ikiwa fupi au haipo, pete za ndani zinasukumwa ndani wakati pete za nje zimekaa kwenye ngazi ya habu (pale ndani beringi inapokomea) haziendi popote, gololi zinabanwa ubavuni na beringi mpya inaisha upesi ajabu. Urefu wa spesa unapima kwenye habu yenyewe, kutoka ngazi mpaka ngazi, unaongeza kama milimita 0.1 mpaka 0.2 basi. Kachongeshe kwa mtu mwenye mashine ya kuchongea vyuma, karakana za SIDO (shirika la viwanda vidogo) mikoani kazi hizi wanazifanya, na nenda na habu yako mkononi usiende na vipimo vya kukariri.

Nakwambia hivi kwasababu mwaka wangu wa kwanza gereji nilimrudishia mzee wa mkaa pikipiki bila spesa, ilikuwa imepotea nikaona mbona tairi linazunguka vizuri tu. Nilimkuta siku ya nne amekaa pembeni ya barabara, beringi imepasuka, mkaa umemwagika wote, yeye kachubuka mkono na hasira hana, ananiuliza tu mwanangu imekuwaje. Sijaisahau ile sura. Tangu siku hiyo nikimaliza kukaza nati nazungusha tairi kwa mkono, kama lilikuwa linazunguka laini kabla ya kukaza na baada ya kukaza limekuwa zito, spesa ni fupi, nafungua upya.

SWALI: Habari fundi, mimi nasoma gazeti lenu nikiwa Kitui Kenya. Niliweka wili ya nyuma ya pikipiki nyingine, beringi na ekseli zilikubali bila shida lakini cheni inakula sproketi upande mmoja na saa zingine inaruka. Mek ameongeza washa tatu upande wa sproketi, ikawa afadhali kidogo lakini sasa tairi imeenda upande, inakaribia kugusa swingamu. Niko na spoku lakini naulizia pia nikiweka rimu ya spoti itakuwa aje?

JIBU: Ndugu yangu wa Kitui, mek wako hajakosea sana, ila kaishia katikati. Kuna mistari miwili hapo na watu wanaichanganya kuwa mmoja. Mstari wa cheni unaamuliwa na habu, sproketi na bushi. Mstari wa tairi unaamuliwa na spoku. Kwahiyo unaanza na cheni mpaka inyooke, rimu inafuata baadae. Ukianza na tairi kukaa katikati alafu cheni ujitahidi, utazunguka hapo mwaka mzima.

Pima hivi, tafuta kitu kilichonyooka kweli, bomba la alumini la fremu ya dirisha ni zuri, lilaze kwenye uso wa sproketi ya nyuma liende mpaka sproketi ya mbele, angalia linaachana na uso wa sproketi ya mbele kwa milimita ngapi. Cheni yako kama ni 428, na bodaboda nyingi ni hiyo, upana wake wa ndani ni karibu milimita 8 na jino la sproketi lina zaidi kidogo ya 7, kwahiyo nafasi ya kusamehewa haifiki hata milimita moja. Ukikuta imeachana 5 au 8 basi ndo hiyo inakula meno. Washa tatu za mek zitoe, washa zilizopangwa hazikai sawa na zinakatika, chongesha bushi moja nzima.

Alafu fanya hesabu ya upana mzima. Tuseme kati ya masikio ya swingamu kuna milimita 190, na habu pamoja na sahani ya breki na upande wa sproketi ni 150, zimebaki 40 za bushi zote mbili. Ukiongeza 4 upande wa sproketi lazima upunguze 4 upande wa breki, jumla ibaki 40 ileile. Usikubali mtu aibane swingamu kwa nati ili ifike, wala aipanue kwa jeki, utaona imekubali kumbe ekseli inakaa na mvutano wake na masikio yanaanza kupasuka kwenye weld.

Cheni ikishanyooka ndo unaenda kwenye rimu. Kwa kawaida una spoku 36, 18 zinashika upande wa kulia wa habu na 18 upande wa kushoto. Unataka rimu iende kulia, unalegeza za kushoto nusu mzunguko zote, unakaza za kulia nusu mzunguko zote, unapima, unarudia. Usifanye mzunguko mzima kwa mkupuo maana rimu itapiga nane. Milimita chache unazipata hivi, zikizidi inabidi spoku za urefu mwingine, upande mmoja ndefu na mwingine fupi. Na ukimaliza, vua tairi uangalie ncha za spoku zilizotokeza ndani ya rimu, zisage kwa tupa, rudisha na ule ukanda wa raba, usipofanya hivyo kila siku utakuwa unaziba tyubu na hujui kwanini.

Sasa kuhusu rimu ya spoti jibu ni fupi, hiyo haina spoku, imemwagwa kipande kimoja, huwezi kuisogeza. Kama cheni imenyooka na tairi liko pembeni ndo basi. Kama sio ya pikipiki yako kabisa usinunue kwa uzuri wake, kapime kwanza dukani na bushi zako mkononi.

SWALI: Fundi, mimi ni mama nafanya biashara ya maziwa huku Rungwe, pikipiki naendesha mwenyewe, nabeba madumu manne. Nilibadilishiwa tairi la nyuma pamoja na breki yake, sasa ile sahani ya breki haina pa kufungia ule mkono wake, fundi akaifunga na waya wa kujengea kwenye swingamu. Jana nikishuka mlima waya umekatika, breki ikajikaza yenyewe, tairi likagoma kuzunguka, Mungu tu. Anasema atafunga waya mnene zaidi.

JIBU: Pole sana mama, na kwakweli Mungu tu. Usikubali waya mnene, wala mnyororo, wala mpira. Ngoja nikueleze kilichotokea ili umuoneshe na fundi wako.

Ukikanyaga breki, breki shuu zinashika dramu inayozunguka, na dramu inataka kuizungusha sahani nzima pamoja nayo. Kitu pekee kinachoizuia ni ule mkono uliofungwa kwenye swingamu. Sasa tairi lako kutoka katikati ya ekseli mpaka chini ni kama sentimita 30, na kama mkono umefungwa sentimita 10 kutoka katikati, nguvu inazidishwa mara tatu. Yaani tairi likishika barabara kwa nguvu ya kilo 100, na kwa mtu na madumu manne mteremkoni hiyo inafika, ule mkono unavutwa kwa kilo 300. Waya wa kujengea hauwezi. Ukikatika sahani inazunguka, waya wa breki au fimbo ya breki inajizungushia kwenye ekseli na kujivuta yenyewe, breki inakaza hata mguu umeshautoa. Ndo hiyo ya jana.

Inayotakiwa ni hivi. Angalia kwanza swingamu yako ina kile kisikio cha kuchomelewa cha kufungia mkono wa breki ya zamani. Kama kipo, chongesha mkono mpya wa chuma bapa, unene usipungue milimita 5, urefu wa kutoka sahani mpya mpaka kisikio kilekile. Ukae umelala sambamba na swingamu kadri inavyowezekana, usisimame wima. Bolti pande zote mbili ziwe na alama ya nguvu 8.8 kichwani, M8 (unene milimita 8) kwenda juu, na kila moja iwe na kotapini (pini ya kuzuia nati isifunguke) au nati yenye nailoni, maana mtikisiko unafungua nati za kawaida bila wewe kujua. Kama kisikio hakipo, kichomelewe na mtu anayejua kuchomelea kweli, pikipiki ikiwa imetolewa betri, na chuma kisafishwe rangi kwanza. Pia wacha nafasi ya tairi kusogea nyuma unapokaza cheni, mkono ukiwa mfupi ukikaza cheni mara mbili tu unafika mwisho.

Kuna pikipiki nyingine hazina mkono kabisa, sahani ina mdomo unaokaa kwenye kijipande cha chuma ndani ya swingamu. Kama sahani uliyopewa ni ya aina hiyo, usiitoboe kutafuta pa kuweka bolti, ile ni alumini ya kumwagwa inapasuka kama sahani ya udongo. Hapo ni bora kutafuta sahani nyingine ya dramu hiyohiyo yenye sikio lake. Mpaka hiyo kazi iishe mama yangu maziwa yapande kwenye pikipiki ya mtu mwingine, najua ni gharama lakini milima ya Rungwe tunaijua.

SWALI: Mkuu, nina tairi la nyuma 3.00-17, nimepata rimu ya 18 bei chee, habu inafanana kabisa. Kuna tatizo?

JIBU: Habu ikifanana kweli, kazi ni ndogo. Tairi la 3.00-18 linakuwa refu kwa inchi moja kipenyo, karibu asilimia 4 ya lile la kwanza. Maana yake pikipiki inakuwa kama umeiongezea gia ndefu, mlimani itakuwa nzito kidogo. Kama sproketi ya nyuma ilikuwa meno 42 weka 44 utarudi palepale. Kilometa za kwenye dashibodi hazibadiliki kama waya wake unatoka tairi la mbele, na nyingi ndo hivyo. Ila cheki nafasi, mpakie mtu mzito, ruka nae kwenye tuta dogo, angalia fenda kama ina alama ya kusuguliwa. Na tyubu nunua ya 18, tyubu ya 17 ukiinyoosha itaingia lakini inakuwa nyembamba.

SWALI: Nimeweka habu pana kuliko ya zamani, swingamu nimeibadilisha nikaweka pana, ekseli ndo imekuwa fupi, nati inashika nyuzi tatu tu. Fundi anasema atakata ekseli katikati aongeze kipande cha nondo achomelee, anasema chuma ni chuma. Ni sawa?

JIBU: Hapana. Hapana kabisa, na hapa sitaki kuzunguka.

Chuma sio chuma, kaka. Ekseli imetengenezwa ili ipinde kidogo na kurudi, mamilioni ya mara. Ukiichomelea katikati, pale pembeni ya weld chuma kinabadilika, kinakuwa kigumu na kinakatika kama biskuti, na katikati ndo pale mzigo unapopita. Haitakupa dalili, itakatika tu siku una abiria. Na hizo nyuzi tatu nazo sio za kutembelea hata kwenda dukani, nati inatakiwa ijae nyuzi zote na ncha ya ekseli itokeze japo nyuzi mbili nje.

Nenda na ekseli yako kwenye maduka ya spea, tafuta ya pikipiki nyingine yenye unene uleule na urefu uliozidi. Ikizidi sana upande wa nyuzi, bushi itachukua nafasi. Nyuzi zisipofika, mwenye mashine ya kuchonga anaziongeza kwa dai (kifaa cha kukatia nyuzi), ila hakikisha ni nyuzi za aina moja na nati yako, maana kuna 14 ya hatua 1.5 (umbali wa uzi mpaka uzi) na kuna 14 ya hatua nyingine, ukilazimisha kwa spana ndefu unaua zote mbili. Sehemu yenye nyuzi isiingie ndani ya beringi, beringi ikae kwenye chuma laini kisicho na nyuzi. Ukishafunga tembea kilomita 20 bila abiria, simamisha, shika tairi juu na chini ulitikise, lisicheze, gusa habu kwa kiganja pande zote mbili, ikiwa ya moto upande mmoja fungua uangalie spesa, na nati uikaze tena kabla ya kuweka kotapini mpya.